GANDA LA YAI NI JIWE, HALIJENGWI KWA PUMBA

Mayai yanayoteremshwa kutoka Mbinga kwenda Mbamba Bay husafiri kilometa 67 hivi, na katika safari hiyo hushuka kutoka milima ya Umatengo yenye baridi hadi mwambao wa Ziwa Nyasa, mahali palipo chini ya meta 500 kutoka usawa wa bahari. Barabara ilipokuwa ya vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika, kila trei iliyofika imelowa ute ilipewa sababu moja tu: barabara. Leo barabara hiyo ni ya lami, na bado trei hufika zimelowa ute. Basi ni haki kuuliza kama kosa lilikuwa la barabara peke yake, au kama barabara ilibebeshwa lawama isiyokuwa yake kwa sababu haina mdomo wa kujitetea.

Jibu linalopendwa siku hizi hupatikana katika duka la pembejeo. Mfugaji huingia akilalamika kwamba maganda ya mayai yake ni laini, na kwamba mengine hutagwa bila ganda kabisa, yamevikwa utando tu mithili ya kifuko cha maji. Muuzaji humpa pakiti yenye picha ya kuku mwekundu na yai kubwa kuliko kuku mwenyewe. Unga wa pakiti hiyo hutiwa kijiko kimoja kimoja katika maji ya kunywa, na mfugaji huondoka ameridhika. Baada ya wiki mbili hurudi na malalamiko yale yale, naye hupewa pakiti nyingine, ya kampuni nyingine, yenye kuku mwekundu zaidi. Huu si ufugaji. Hii ni ibada ya pakiti, na waumini wake wakubwa si wakulima wasiojua kusoma, bali ni watumishi wa serikali na walimu.

Jambo hilo hapana budi lisemwe waziwazi, kwa kuwa ndio watu waliouingiza ufugaji wa kuku wa mayai katika miji midogo na vituo vya kazi. Nyuma ya nyumba ya mwalimu kuna banda la kuku mia. Nyuma ya nyumba ya karani kuna la mia mbili. Wapo wastaafu ambao sehemu kubwa ya kiinua mgongo chao, jasho la miaka thelathini darasani, imo ndani ya banda la mbao na wavu. Hao ndio wanaopoteza yai moja katika kila kumi, pengine mawili, na kuandika hasara hiyo katika daftari kama vile ni kudra. La hasha. Ni hesabu, tena hesabu ya darasa la saba.

Yai la kawaida lina uzito wa gramu 60, na ganda lake ni gramu 6 hivi. Katika ganda hilo, sehemu 94 za kila mia ni kalsiamu kaboneti, yaani kitu kile kile kinachoitwa jiwe la chokaa. Mwalimu wa kemia anajua jambo hili vizuri. Kila mwaka huwaonyesha wanafunzi wake jinsi ganda la yai linavyotoa mapovu likitiwa siki au maji ya ndimu. Kengele ikilia hurudi nyumbani na kuwapa kuku wake pumba. Anajua ganda ni jiwe, lakini hajajiuliza kuku atalitoa wapi jiwe hilo.

Ndani ya ganda moja mna gramu mbili na robo hivi za kalsiamu tupu. Mahindi, ambayo Ruvuma inajivunia kuyazalisha kwa wingi, hayana kalsiamu inayofikia hata gramu moja katika kila kilo tatu. Kuku anayekula gramu 120 za mahindi kwa siku hupata sehemu tatu za mia za gramu moja. Kwa hesabu hiyo angehitaji kula mahindi kwa siku 75, bila kupoteza hata chembe, ili ajenge ganda la yai moja! Pumba hazimwongezei kitu kikubwa, na mashudu ya alizeti yanazidi kidogo tu. Naye kuku wa kisasa hatagi mara moja kwa siku 75. Hutaga mayai 280 na hata 300 kwa mwaka.

Kinachotokea basi ni nini? Kuku hulitoa jiwe hilo katika mifupa yake mwenyewe. Maumbile yamempa kuku anayetaga akiba ndogo ya kalsiamu ndani ya mifupa, iliyowekwa kwa ajili ya usiku, kwa kuwa ganda hujengwa kwa muda wa saa 20 hivi na sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanyika usiku wakati ndege hali. Mchana akiba hiyo hupaswa kurudishwa. Isiporudishwa, kuku hukopa mfupa wenyewe. Mifupa yake yote ina gramu 20 hivi za kalsiamu, ilhali mayai ya mwaka mmoja huondoka na zaidi ya gramu 600, yaani mara 30 ya alichonacho. Deni la namna hiyo halilipiki. Kwanza maganda huwa membamba, kisha mayai hupungua, na mwishowe kuku hulala ubavu asiweze kusimama. Mwenye kuku husema amepooza kwa ugonjwa na hukimbilia dawa za kuua vijidudu. Dawa ya kuua vijidudu haijengi mfupa.

Sasa ipimwe pakiti. Mchanganyiko wa vitamini na madini unaouzwa kwa ajili ya kutiwa katika chakula hutumika kwa kiasi cha robo kilo katika kila kilo mia za chakula. Kuku mmoja hupata humo sehemu tatu za kumi za gramu kwa siku. Hata kama unga huo wote ungekuwa jiwe la chokaa na si kitu kingine, kalsiamu itakayomfikia kuku ni kama sehemu moja ya kumi ya gramu. Mahitaji yake ni gramu nne. Hakuna uchawi wa kiwanda chochote, cha ndani wala cha nje, unaoweza kupitisha gramu nne katika tundu la sehemu moja ya kumi. Wanaouza pakiti hizo kama tiba ya maganda laini ama hawajui hesabu hii ama wanaijua, na ni vigumu kusema lipi kati ya hayo mawili ni baya zaidi.

Haina maana kwamba pakiti ni takataka. Manganisi na zinki, ambazo huhitajika kwa kiasi kidogo mno, zina kazi kubwa katika ujenzi wa ganda. Pasipo zinki mwili wa kuku haupati ile kaboneti inayofungana na kalsiamu, na pasipo shaba utando wa ndani ya ganda hufumwa vibaya. Vitamini D humwezesha kuku kunyonya kalsiamu tumboni, hivyo kuku aliyefungiwa ndani asiyeliona jua huihitaji katika chakula. Yote hayo yamo katika pakiti nzuri, na mfugaji mwenye kuku wa kisasa asiache kuyatia. Lakini hayo ni mafundi. Fundi hodari asiye na tofali hajengi nyumba, na mfugaji anayeongeza mafundi kila wiki huku uwanjani hamna hata tofali moja anapoteza fedha zake.

Tofali ni chokaa. Katika kilo mia za chakula cha kuku wa mayai hutakiwa kilo nane hadi tisa za jiwe la chokaa lililosagwa, kilo mbili hivi za mifupa iliyochomwa na kusagwa, na chumvi kiasi cha theluthi moja ya kilo. Sehemu ya chokaa iwe ya punje nyembamba kama mchele uliovunjika, isiwe vumbi tupu, kwa sababu punje hukaa katika firigisi na kuyeyuka polepole usiku, saa ile ile ganda linapojengwa. Mfugaji asiyeamini mizani aweke chokaa ya punje katika kopo peke yake pembeni mwa banda. Kuku anayetaga atakwenda mwenyewe jioni kuidonoa, na jogoo ataipita. Kuku ana akili hiyo bila kupitia chuo.

Hapa wapinzani hujitokeza, na aghalabu hujitokeza na bibi. Husema kwamba bibi zao huko Maguu na Litembo walifuga kuku bila chokaa wala mizani, na mayai yao yalikuwa magumu kama mawe. Ni kweli. Lakini kuku wa bibi alitaga mayai 40 au 60 kwa mwaka, akapumzika kuatamia na kulea, na siku nzima alizunguka akila wadudu, konokono, majani na vipande vya mifupa nyuma ya jiko. Matumizi yake yalilingana na mapato yake. Kuku wa kisasa, na hata chotara walioenea vijijini tangu miaka ya 2010, amezaliwa kwa ajili ya kutaga mara tatu au tano ya hayo, kisha akafungiwa ndani ya wavu asiweze kujitafutia chochote. Waliobadilisha kuku hawakubadilisha chakula. Wamemleta mtambo, wakauendesha kwa kuni.

Mwambaoni hoja ni nyingine. Liuli na Lituhi watu wana usipa, na wanaamini kuwa mwenye usipa hana haja ya madini. Usipa ni chakula bora sana cha kuku, hilo halina ubishi: protini yake hakuna nafaka inayoifikia, na vimifupa vyake vina kalsiamu na fosforasi. Lakini hata kilo mia za chakula zikitiwa kilo kumi za usipa mkavu, kalsiamu itakayopatikana haizidi nusu kilo, wakati inayotakiwa ni kilo tatu na nusu hadi nne. Usipa ukizidishwa ili kufidia pengo hilo, mayai huanza kunuka samaki na mteja huyarudisha. Aidha, usipa uliokaushwa juu ya mchanga badala ya chanja huuzwa pamoja na mchanga wake, na mnunuzi hulipa bei ya samaki kwa ajili ya ufukwe.

Kuhusu mchanga wenyewe, wapo wanaowamwagia kuku mchanga wa ziwa wakidhani ndio chokaa. Changarawe humsaidia kuku kusaga punje katika firigisi, basi. Mchanga mweupe wa ufukweni kwa sehemu kubwa ni jiwe gumu lisiloyeyuka tumboni, nalo huingia na kutoka vile vile. Maganda ya konokono ni kitu tofauti: hayo ni chokaa kweli. Yaliyokauka juu ya mchanga yanaweza kuokotwa, kukaangwa na kutwangwa. Ila ole wake mwalimu atakayewatuma wanafunzi kuingia majini kuyatafuta! Konokono wa Ziwa Nyasa ndio wanaobeba kichocho, na hakuna yai lenye thamani ya figo na kibofu cha mtoto.

Maganda ya mayai yaliyoliwa nyumbani nayo yakaangwe, yasagwe laini na kurudishwa bandani. Hayatatosha, kwa sababu mayai mengi yameuzwa na maganda yake yamekwenda kwa mteja, lakini kuyatupa jalalani kisha kwenda dukani kununua pakiti ni jambo lisilo na jina zuri.

Kuna hatari moja ambayo walimu na watumishi, kwa haraka yao, huiangukia kuliko wengine. Wakisikia neno chokaa hununua ile ya kupaka ukuta. Chokaa ya ukuta ni jiwe lililochomwa tanurini. Huunguza ngozi ya mwashi, seuze koo la kuku. Chokaa ya kuku ni jiwe bichi, lililosagwa tu. Vile vile si kila jiwe la chokaa lafaa: liko lenye magnesi nyingi, ambalo huharisha kuku na kudhoofisha lile lile ganda lililokusudiwa kuimarishwa. Tena kuku mchanga ambaye hajaanza kutaga asipewe chakula cha mtagaji, kwa maana kalsiamu nyingi kabla ya wakati wake huharibu mafigo. Mambo haya si ya siri na wala si magumu. Yanahitaji mtu wa kuyasema mahali yanapohitajika, na mtu huyo analipwa mshahara wa kuyasema.

Mifupa nayo isisahauliwe, kwani kalsiamu haifanyi kazi bila fosforasi. Fosforasi ya nafaka imefungwa kwa namna ambayo kuku hufaidi theluthi yake tu. Nyuma ya machinjio na mabucha mifupa hulala hadi mbwa waichoke. Ikichomwa mpaka iwe meupe, jambo ambalo pia huua vijidudu vya kimeta, hutwangika kwa kinu cha kawaida, na ndani yake kalsiamu huwa robo hadi theluthi ya uzito, na fosforasi asilimia 12 hadi 15. Wako wanaoshauri badala yake fosfati ya Minjingu, kwa kuwa ni mali ya nchi na imechimbwa tangu miaka ya 1980. Nia yao ni njema, lakini fosfati hiyo ina florini nyingi. Ni mbolea nzuri kwa shamba. Kwa kuku, mpaka florini iondolewe, mifupa ya machinjioni inaishinda.

Suala la rangi ya kiini halistahili maneno mengi. Kiini cheupe hakitokani na upungufu wa madini. Hutokana na mahindi meupe. Fungu la mchicha au majani mengine mabichi kila siku litakifanya kuwa cha njano, na aliyenunua unga wa rangi amenunua rangi.

Linalostahili maneno mengi ni joto. Chakula kile kile hakiwezi kufaa Mbinga na Mbamba Bay. Mbinga, hasa mwezi Juni na Julai, kuku hula sana kwa sababu ya baridi. Mwambaoni kuku huona joto, hula kidogo, na hutweta mdomo wazi. Akila gramu 95 badala ya 120, hupata kalsiamu pungufu kwa sehemu moja ya tano hata kama chakula kimechanganywa sawasawa. Na katika kutweta huko hupumua nje ile hewa ya ukaa ambayo mwili wake ungeitumia kutengeneza kaboneti ya ganda. Hupungukiwa pande mbili kwa wakati mmoja. Kwa hiyo mfugaji wa mwambaoni anatakiwa kutia chokaa zaidi katika kila kilo mia, kuezeka banda kwa nyasi badala ya kuliacha bati tupu likiwaka, na kutoa chakula alfajiri na jioni. Mifuko iliyochanganywa mijini kwa kipimo kimoja cha nchi nzima haiyajui hayo. Ofisa wa mifugo aliyepangiwa kazi mwambaoni anapaswa kuyajua.

Haki itendeke pia: si kila ganda baya ni kosa la chakula. Kuku mzee hutaga mayai makubwa yenye ganda jembamba, kwa kuwa kiasi kile kile cha chokaa kimetandazwa juu ya yai kubwa zaidi. Mdondo, ambao huko kwingine huitwa kideri, huharibu maganda ya kuku wanaonusurika, na chanjo yake ni ya matone ya jicho tu. Kuku waliotishwa na paka usiku hutoa mayai yenye mikunjo. Mfugaji makini huanza na chanjo, hutazama umri, kisha hupima chakula. Lakini apime! Mizani ya maabara ya shule ya sekondari inatosha. Ganda la yai la gramu 60 likioshwa na kukaushwa liwe gramu tano na nusu au sita. Likiwa gramu nne na nusu, hakuna haja ya mkutano.

Wasemao kwamba jambo hili ni dogo mno kwa ukurasa wa gazeti watazame takwimu za taifa. Utafiti wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba zaidi ya theluthi moja ya watoto wa Ruvuma wenye umri chini ya miaka mitano wamedumaa, wakati wastani wa nchi ulikuwa asilimia 30. Mkoa wenye mahindi ya kuuza nje ya mipaka yake una watoto waliodumaa, kwa sababu tumbo lililojaa ugali si tumbo lililopata chakula. Yai moja kwa siku ni msaada mkubwa kwa mtoto wa miaka miwili. Kila yai lililovunjika njiani kati ya Mbinga na ziwa limeongeza bei ya yale yaliyosalia, na wa kwanza kushindwa bei hiyo ni mama wa mtoto yule yule.

Wala serikali haiwezi kusema kwamba madini katika chakula ni jambo lisilotawalika. Nyanda za Juu Kusini zilijulikana kwa ugonjwa wa tezi la shingo, kwa kuwa ardhi yake haina madini joto ya kutosha. Katika miaka ya 1980 vidonge vyenye madini hayo viligawiwa kwa wananchi, na katika miaka ya 1990 sheria ikawataka wazalishaji wa chumvi kuyatia katika chumvi. Hakuna aliyeambiwa akanunue pakiti na kuomba Mungu. Chumvi hiyo hiyo ikitumika katika chakula cha kuku, madini joto huingia ndani ya yai na kumfikia mlaji, jambo ambalo wafugaji wengi hawajawahi kuambiwa.

Kwa vyakula vya mifugo sheria ipo. Sheria Na. 13 ya mwaka 2010, ya Nyanda za Malisho na Rasilimali za Vyakula vya Mifugo, iliweka msingi wa kukagua ubora wa vyakula hivyo. Wakala wa Maabara ya Veterinari ipo Temeke. Shirika la Viwango lipo. Ilhali mfuko wa chakula cha kuku unaweza kufika dukani umeandikwa jina la mtengenezaji kwa herufi za urefu wa kiganja, na kiasi cha kalsiamu na fosforasi kisionekane popote. Mwananchi ananunua kilo 50 za ahadi. Mkaguzi anayeingia dukani na kuuliza leseni ya biashara bila kuuliza asilimia ya kalsiamu amekagua karatasi. Vivyo hivyo taarifa ya robo mwaka inayohesabu kuku waliochanjwa na vikundi vilivyotembelewa, bila safu hata moja ya mayai yaliyovunjika, ni taarifa ya mtembezi.

Swali linalobaki ni la umbali, na ndilo kimbilio la mwisho la watetezi wa pakiti. Chokaa, wanasema, ni nzito. Kuisafirisha hadi Mbinga ni ghali. Pakiti ni nyepesi. Ni kweli kwamba kutoka Dar es Salaam hadi Songea ni zaidi ya kilometa 900. Lakini nani aliyesema chokaa lazima itoke Dar es Salaam? Tangu mwaka 2011 makaa ya mawe yamechimbwa Ngaka, katika wilaya hiyo hiyo ya Mbinga. Makaa hayo yamepakiwa katika malori na kupelekwa mbali, yakiwamo yaliyokwenda kuwasha tanuri za kiwanda cha saruji cha Dangote huko Mtwara. Saruji hutengenezwa kwa jiwe la chokaa. Yaani Mbinga imekuwa ikipeleka moto mahali penye jiwe, kisha walimu wake wakaambiwa kwamba jiwe haliwezi kufika Mbinga! Lori lililokwenda na makaa linarudi na nini?

Jiwe hilo lipimwe kwanza, hasa magnesi yake, kabla ya kukaribia mdomo wa kuku. Hiyo ni kazi ya siku chache kwa maabara yoyote ya madini. Likifaa, halmashauri za Mbinga na Nyasa zina vyama vya ushirika ambavyo kwa miaka mingi vimebeba magunia ya kahawa, na anayejua kubeba kahawa kuteremka mlima hashindwi kupandisha chokaa. Kuku mia hutumia kilo moja na kidogo ya chokaa kwa siku, karibu kilo 400 kwa mwaka. Lori moja la tani 30 hutosha kuku 7,500 kwa mwaka mzima, na malori yanayopita njia panda ya Kitai hayahitaji kuongezwa hata moja.